Sukari ya Maziwa: Kutoka Mulago hadi Nakivale

Katikati ya miaka ya 1960, katika hospitali ya Mulago jijini Kampala, watu wazima waliojitolea walianza siku bila kula chochote. Walitolewa damu kidogo, kisha wakapewa kinywaji chenye gramu 50 za laktosi, yaani sukari ya maziwa iliyoyeyushwa majini. Kiasi hicho ni sawa na sukari iliyomo katika lita moja hivi ya maziwa ya ng'ombe. Baada ya kunywa, damu yao ilipimwa tena na tena kwa vipindi. Kama sukari ya damu ilipanda, ilikuwa ishara kwamba utumbo umeivunja laktosi na kuipitisha mwilini. Kama haikupanda, laktosi ilikuwa imebaki utumboni, na mara nyingi haikuchukua muda mrefu tumbo kuanza kunguruma, kujaa gesi, na mtu kutafuta choo.

Waliofanya kipimo hicho walikuwa daktari Mwingereza Gordon Cook na mwenzake S. K. Kajubi. Mwaka 1966 walichapisha matokeo katika jarida la Lancet, na yalizua maswali ambayo hayajaisha mpaka leo. Baganda waliopimwa, watu wa migomba na mashamba, karibu wote hawakuweza kumeng'enya laktosi. Watutsi wenye asili ya Rwanda na Bahima wa Ankole, watu wa ng'ombe, wengi wao waliweza. Hospitali moja, kinywaji kimoja, matumbo mawili tofauti.

Ili kuelewa kwa nini jambo hili lilikuwa kubwa, ni lazima tuyafuate maziwa safari yao yote. Mate ya mdomoni huanza kuvunja wanga wa chakula, lakini laktosi hayaigusi. Katika mfuko wa tumbo asidi huyagandisha maziwa na pepsini huanza kukatakata protini yake. Chakula kikiteremka kwenye utumbo mwembamba, ini huleta nyongo inayoyasambaratisha mafuta kuwa matone madogo, na kongosho huleta maji yenye vimeng'enya vya wanga, vya mafuta na vya protini. Laktosi hupita kote huko ikiwa nzima. Imeundwa kwa sukari mbili zilizoshikamana, glukosi na galaktosi, na ukuta wa utumbo haupitishi kitu kilichoshikamana hivyo. Kuna mahali pamoja tu pa kuitenganisha: kwenye seli zinazofunika vinyweleo vya utumbo mwembamba, ambako kimeng'enya kiitwacho laktasi kimekaa juu ya uso wa seli, kikingoja. Kikishaikata, sukari zote mbili huingia kwa mlango mmoja, zikifuatana na chumvi, na maji hufuata nyuma.

Mtoto mchanga ana laktasi tele, maana bila hiyo maziwa ya mama yasingemfaa. Kwa karibu wanyama wote wanyonyeshao, kimeng'enya hiki hupungua sana baada ya mtoto kuacha kunyonya. Kwa binadamu wengi duniani mambo ni hivyo hivyo. Laktosi isiyovunjwa huvuta maji kuja ndani ya utumbo, kisha huteremka kwenye utumbo mpana, ambako bakteria huichachusha na kutoa asidi na gesi. Hakuna ugonjwa hapo. Madaktari wa Ulaya, waliotoka katika jamii ambazo watu wazima wengi hunywa maziwa mabichi bila taabu, walikuwa wamezoea kuiona hali yao ndiyo ya kawaida na hali nyingine ndiyo kasoro. Vipimo vya Kampala vilikuwa miongoni mwa vile vilivyoanza kuligeuza wazo hilo juu chini.

Bahima wa Ankole hawakuhitaji Lancet iwaambie kwamba maziwa yanawakaa. Kwa vizazi vingi ndiyo yalikuwa chakula chao kikuu, pamoja na samli na mara chache nyama. Majirani zao Bairu walilima ulezi na ndizi, na mazao yalibadilishwa kwa maziwa na samli. Ng'ombe wa pembe ndefu walikuwa mali, mahari na akiba. Kwa hiyo sotoka ilipopita Afrika Mashariki mwanzoni mwa miaka ya 1890 na kufyeka mifugo ya Ankole, haikuondoa utajiri peke yake. Iliondoa chakula ambacho matumbo ya watu hao yalikuwa yamekizoea kuliko kingine chochote. Nusu karne baadaye mbung'o walisogea kutoka upande wa kusini, wakayafanya malisho mazuri ya Isingiro kuwa pori lisilokalika na ng'ombe, mpaka serikali ilipoanza kampeni za kufyeka vichaka.

Katika nchi hiyo ndiko wakimbizi wa kwanza wa Rwanda walikoletwa. Makazi ya Nakivale yalianza kupokea watu mwishoni mwa miaka ya 1950 na kutangazwa rasmi mwaka 1960, kando ya ziwa lenye jina hilo, kusini mwa Mbarara. Machafuko ya Novemba 1959 yaliwatoa Watutsi kwa maelfu, na baadhi yao walivuka mpaka wakiswaga ng'ombe wao. Mtu anayekimbia na ng'ombe anakimbia na chakula chake chenye miguu. Aliyempoteza ng'ombe njiani alifika mahali ambapo angelishwa unga na maharage, akaanza kuishi kwa chakula ambacho wazazi wake walikidharau.

Hapa sina budi kusema neno juu ya msamiati. Utafiti wa zama zile uliyagawa makundi ya watu kwa majina ya Wabantu na Wahamu, na nadharia ya Wahamu ndiyo iliyotumiwa Rwanda kuwatangaza baadhi ya raia kuwa wageni katika nchi yao. Kimeng'enya cha laktasi hakithibitishi lolote kati ya hayo. Kinaonyesha tu kwamba mababu wa mtu fulani waliishi na ng'ombe kwa muda mrefu. Watoto wa mama mmoja wanaweza kutofautiana, na hata miongoni mwa Watutsi na Bahima waliopimwa walikuwapo wasioweza.

Mulago ilikuwa imeshughulika na matumbo ya Waganda muda mrefu kabla ya Cook. Hugh Trowell alifika pale mwaka 1935 akitokea Kenya, akiandamwa na ugonjwa wa watoto waliovimba miguu, wakabadilika rangi ya nywele na ngozi, wakakataa kula. Daktari Cicely Williams alikuwa ameueleza mwaka 1933 kule Gold Coast, Ghana ya leo, na jina la kwashiakoo likaenea. Wengi walidhani ni minyoo au kaswende. Trowell alishikilia kwamba ni chakula. Mwaka 1948 mwenzake, mtaalamu wa patholojia J. N. P. Davies, aliandika kwamba katika miili ya watoto waliokufa kongosho lilikuwa limesinyaa, hasa zile seli zinazotengeneza vimeng'enya.

Tafakari maana yake. Mtoto anakosa protini. Vimeng'enya vyenyewe ni protini, kwa hiyo mwili unashindwa kuvitengeneza. Ukimpa chakula, hana cha kukimeng'enyea, na njaa inaendelea tumbo likiwa limejaa. Mwaka 1952 Thompson na Trowell walipitisha mrija mwembamba hadi mwanzo wa utumbo mwembamba wa watoto wagonjwa, wakavuta majimaji yake na kuyapima. Vimeng'enya vya kongosho vilikuwa vimepungua vibaya. Watoto walipotibiwa kwa maziwa, vilirudi. Kwa maoni yangu hiki ni kimoja cha vipimo vizuri kabisa kuwahi kufanywa Afrika Mashariki, kwa sababu kilionyesha kwamba kongosho lile halikuwa limekufa. Lilikuwa limekaa bila malighafi.

Unga wa maziwa yaliyoondolewa mafuta ukawa dawa ya Mulago. Rex Dean, aliyeongoza utafiti wa utapiamlo wa watoto pale, aliuchanganya na mafuta ya mbegu za pamba na sukari ili mtoto apate nguvu kwa ujazo mdogo. Wengi walipona. Lakini kulikuwa na watoto walioharisha kadiri walivyopewa maziwa, na wauguzi walikuwa na hofu ya haki. Mwaka 1967 Cook, safari hii pamoja na Lakin na Whitehead, alionyesha kiini cha shida: utapiamlo huharibu ukuta wa utumbo, na laktasi, iliyoko kwenye ncha kabisa za vinyweleo, huathirika. Mtoto mwenye umri ambao angetarajiwa kumeng'enya maziwa anakuwa kama mtu mzima asiye na laktasi, kwa muda. Kimeng'enya kinachokaa juu kabisa ndicho cha kwanza kuondoka na cha mwisho kurudi.

Wakati huohuo, mwaka 1965, ilifunguliwa Mulago kliniki ya lishe ya Mwanamugimu, ambako akina mama walijifunza kupika kitobero, chakula cha mchanganyiko cha ndizi au viazi pamoja na maharage, karanga au samaki wadogo. Maziwa ya unga yalitoka ng'ambo. Kitobero kilitoka shambani mwa mama mwenyewe.

Swali la Bahima na Baganda lilisafiri. Mwaka 1974 James Cox na Francis Elliott walichapisha vipimo vyao vya eneo la Ziwa Kivu, upande wa Rwanda na upande wa Bushi, nchi ya Washi karibu na Bukavu. Watutsi wa Rwanda tena walimeng'enya laktosi. Washi karibu wote hawakuimeng'enya. Jambo hili lingekuwa jepesi kama Washi wangekuwa wakulima tu, lakini sivyo: Washi ni wafugaji wa ng'ombe pia, na ng'ombe ndiye mahari yao. Wamekaa na maziwa kwa vizazi bila laktasi, wakayanywa yakiwa yameganda. Kila mtu wa Kivu anaijua mashanza, yaani maziwa hayo yaliyoganda. Kwenye kibuyu bakteria hula sehemu ya laktosi na kuigeuza asidi, na mtindi mzito hutoka kwenye mfuko wa tumbo polepole zaidi, hivyo utumbo hupewa nafasi. Bakteria hao huleta pia vimeng'enya vyao, ambavyo huendelea kufanya kazi ndani ya mtu. Samli haina laktosi ya kuhesabika kabisa, ndiyo maana eshabwe, mchuzi wa samli wa Ankole, inaliwa na wote mezani, Mhima na Mwiru.

Ni nini kilitangulia, tumbo linaloweza au kibuyu? Mwaka 2007 Sarah Tishkoff na wenzake, wakifanya kazi na watafiti wa Tanzania, Kenya na Sudan, walitoa jibu la sehemu moja. Waliwapima kwa laktosi watu 470 wa makabila 43, wakaisoma DNA yao. Wafini walikuwa wamekwisha kutambuliwa kuwa na herufi moja iliyobadilika karibu na jeni la laktasi, mabadiliko yanayolizuia jeni hilo lisizimike utotoni. Waafrika Mashariki wenye uwezo huo hawakuwa na herufi ile. Walikuwa na zao, na iliyoenea zaidi Kenya na Tanzania ilikadiriwa kuzuka kati ya miaka 2,700 na 6,800 iliyopita. Watu wa pande mbili za dunia walifika mahali pamoja kwa njia mbili. Kisha mwaka 2021 watafiti waliokwangua ukoga uliokauka kwenye meno ya watu wa kale walikuta protini za maziwa kwenye meno ya Sudan ya miaka 6,000 hivi iliyopita, na pia kwenye meno ya Lukenya Hill, kusini mashariki mwa Nairobi, ya zaidi ya miaka 3,000. Watu wanaonekana kunywa maziwa kabla uwezo wa kuyameng'enya haujaenea. Nadhani kibuyu ndicho kilichowabeba katika kipindi hicho chote.

Julai 1994 historia ya mlango ule mmoja wa utumbo iligeuka kuwa jambo la kufa na kupona. Wanyarwanda karibu milioni moja walimiminika Goma, upande wa Kongo, katika siku chache, juu ya mawe ya volkano ambako hata kaburi halichimbiki. Kipindupindu kikaingia, na kuhara damu kukafuata. Katika mwezi wa kwanza walikufa watu wapatao 50,000. Sumu ya kipindupindu huzifanya seli za utumbo zimwage chumvi na maji bila kikomo, mpaka mtu anakauka ndani ya masaa. Lakini mlango wa glukosi haiuharibu. Robert Crane alieleza mwaka 1960 kwamba glukosi huingia seli ikiambatana na sodiamu, na mwaka 1971 daktari Dilip Mahalanabis, akiwa na wakimbizi wa Bangladesh kule Bongaon, India, alishiwa dripu akaamua kuwanywesha wagonjwa maji ya chumvi na glukosi kutoka kwenye mapipa. Vifo kambini kwake vikashuka kutoka asilimia 30 hivi hadi chini ya asilimia 4.

Vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi katika lita moja ya maji safi: maelezo haya ameyasikia karibu kila mama wa kambini kwa Kiswahili, kwa Kinyarwanda au kwa Kisomali. Kinachofanya kazi humo ni mlango uleule wa maziwa. Sukari ikivunjwa na kupita, maji huingia mwilini. Ikibaki, maji hutoka. Goma elimu hiyo ilikuwapo, chumvi zilikuwapo, ila maji safi na mikono ya kuyafikisha vilichelewa.

Wengi walionusurika Goma, na wengi zaidi waliokimbia vita vya Kongo tangu 1996, wamepitia au wanaishi Nakivale. Leo makazi hayo yako wilaya ya Isingiro, iliyokatwa kutoka Mbarara mwaka 2006, na yana zaidi ya watu laki moja: Wakongo ambao ndio wengi, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali, Waethiopia, Waeritrea. Kiswahili cha Kivu ndicho kinachosikika sokoni. Tunaweza kusema kwamba maswali yote ya Cook, Cox na Tishkoff sasa yanapanga foleni mahali pamoja. Msomali aliyelelewa kwa maziwa ya ngamia na Mshi wa mashanza wamepewa mgao wa vyakula vilevile, mahindi, maharage na mafuta, au fedha za kununulia, huku jirani yao Mhima akiwa na ng'ombe ng'ambo ya mpaka wa makazi. Mwaka 2020 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilipunguza mgao wa wakimbizi nchini Uganda kwa asilimia 30 kwa kukosa fedha, mwaka uliofuata likapunguza zaidi, na mwaka 2023 likaanza kugawa kwa kutegemea hali ya kaya.

Posho, yaani ugali wa mahindi, na maharage vinashibisha, na mtu mzima mwenye afya huvimeng'enya vizuri. Shida iko kwa mtoto wa mwaka mmoja. Tumbo lake ni dogo, uji mwepesi hulijaza upesi, na kemikali ya faiteti iliyomo kwenye mahindi na maharage hushika madini ya chuma na zinki yasiweze kufyonzwa.

Kliniki humpima mkono wa juu kwa utepe wa rangi tatu. Chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu. Mhudumu hukata kona ya pakiti ya gramu 92 yenye chakula cha karanga, maziwa ya unga, sukari, mafuta, vitamini na madini, humpa mama na kumwambia anawe mikono, amwekee mtoto kidogo mdomoni, kisha wote hungoja. Hakuna anayemlazimisha mtoto. Akilamba na kutaka tena, atatibiwa akiwa nyumbani. Akigeuza uso, au akiwa na homa kali, kutapika au uvimbe mkubwa, hulazwa, na walio katika hali mbaya zaidi hupelekwa hospitali ya rufaa ya Mbarara. Huko hawaanzi na karanga. Huanza na maziwa mepesi ya F-75, yenye unga wa maziwa kidogo, kwa vikombe vidogo kila baada ya saa chache usiku na mchana, kwa sababu ini na utumbo bado ni dhaifu, na kongosho liko katika hali ile aliyoiona Davies mwaka 1948. Seli za ukuta wa utumbo hujifanya upya kila siku tatu hadi tano. Mtoto akipata malighafi, hamu ya kula hurudi, na hapo ndipo pakiti huanza.

Pakiti hiyo ilibuniwa mwaka 1996 na Mfaransa André Briend pamoja na Michel Lescanne. Haichanganywi na maji, hivyo bakteria hawapati pa kuzaliana, na moja ina nguvu ya kalori 500. Kwa kuwa maziwa ya unga ni sehemu kubwa ya gharama yake, watafiti wamejaribu kuyaondoa. Zambia, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 yalionyesha kwamba mchanganyiko wa soya, mahindi na mtama haukuwafaa watoto wa chini ya miaka miwili kama ule wa maziwa. Malawi, mwaka 2017, mchanganyiko wa namna hiyo ulioongezewa amino asidi ulitibu vizuri sawa na ule wa kawaida.

Mbarara haina uhaba wa maziwa. Kila asubuhi pikipiki huingia mjini zimefungwa madebe ya alumini ubavuni, na viwanda vya mji huo hutengeneza unga wa maziwa unaouzwa hadi nje ya nchi. Bongo, maziwa yaliyogandishwa, huuzwa kwa kikombe kwenye vibanda, baridi na mazito. Mama wa Nakivale ambaye mtoto wake amemaliza pakiti huambiwa aongeze kwenye uji karanga zilizosagwa, dagaa, yai na maziwa akiweza. Neno hilo la mwisho ndilo linalobeba uzito wote: fedha za mgao zikishanunua unga wa mwezi, kinachobaki mara nyingi hakitoshi kikombe cha bongo kwa siku, katika wilaya yenye ng'ombe pande zote.